Mawe ya Mviringo Kwenye Njia ya Mama Mkwe

Jumanne, 4 Machi

Nimekabidhiwa mradi! Mke wangu amepiga simu asubuhi kutoka hospitali. Mama mkwe anaruhusiwa Jumatano ijayo, tarehe 12. Nyonga inaunga vizuri, ila atakuwa kwenye kiti cha magurudumu kwa miezi mitatu, labda zaidi. Atakuja kukaa kwetu. Kwa hiyo kutoka getini hadi mlango wa mbele panatakiwa njia ya zege, ya kupita kiti sasa na gari baadaye. Mke wangu atabaki kwa dada yake, karibu na hospitali, mpaka siku hiyo. Kazi yote ni yangu.

Akaongeza, kwa ile sauti yake ya chini, kwamba Mama hataki kubebwa. Siku aliyoanguka alibebwa na wanaume wanne mbele ya mtaa mzima, na amesema hatabebwa tena kama gunia. Ama aingie kwa magurudumu yake, ama asiingie. Nikamwambia aondoe shaka. Mama ataingia kama malkia.

Sikupenda kukumbushwa alikoanguka. Alianguka hapa hapa kwetu, katikati ya njia, kwenye tope. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Nilikuwa nimeahidi kuweka mbao. Sikuweka. Basi, yaishe.

Mchana nikamwita fundi. Mtaani anaitwa Fundi Subiri, maana hakuna sentensi anayoanza bila kusema subiri kwanza. Akachimba kidogo, akavunja bonge la udongo kiganjani. Akasema subiri kwanza, udongo huu mweusi unavimba ukilowa na kunywea ukikauka, zege likilala juu yake litapasuka. Chini lazima pawe na tabaka la kokoto za kupondwa, zile zinazokuja na vumbi lake, unene wa shubiri moja, zishindiliwe kwa mashine. Kokoto Ijumaa, zege Jumamosi, kiti Jumatano. Nikaitikia kwa kichwa kwa heshima zote. Lakini kununua niachiwe mimi. Mimi ni afisa ugavi msaidizi, mwaka wa kumi na moja huu. Nimenunua viti, mapazia na karatasi za ofisi nzima. Kokoto zitanishinda?

Alipoondoka tu, jirani akachungulia juu ya ukuta. Ni Bwana Futi, yule asiyetoka nyumbani bila utepe wa kupimia mfukoni. Njia yake ya zege aliimaliza mwaka jana na tangu hapo hana mazungumzo mengine. Alinipa, bila kuombwa, jina la muuza kokoto wake. Nikamshukuru na kulisahau papo hapo.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya ushindi! Niandike yote, maana wajukuu watakuja kuuliza.

Nimeomba ruhusa kazini, nikaenda kwanza kwa muuza kokoto za kupondwa. Bei aliyonitajia ilinifanya nikae kwenye tairi bovu pale nje. Nikainuka, nikaikagua bidhaa kitaalamu. Nikachota konzi moja. Nusu mawe, nusu vumbi! Nikamuuliza vumbi linauzwaje. Akasema bei ni moja, vinakwenda pamoja. Ati vumbi ndilo linaloshikilia. Nikacheka mpaka machozi. Vumbi ninalo la kutosha juu ya kabati nyumbani, na sijawahi kumwuzia mtu. Nikamwambia amtafute mjinga mwingine.

Njiani kurudi nikakutana na bahati yangu imekaa kando ya barabara, chini ya mwavuli. Jamaa anauza mawe ya mtoni. Mawe gani hayo! Mviringo, laini, yote saizi ya yai, yameoshwa na mto, hayana hata chembe ya vumbi. Nusu ya bei! Nikamuuliza kama yanafaa chini ya zege. Akasema bosi, yanafaa kokote. Nikamwuliza mara ya pili kwa kumkazia macho, kama ninavyofanya na wauza karatasi. Hakupepesa. Nikaagiza malori mawili.

Jioni nikampigia mke wangu. Akauliza kama nimenunua alichosema fundi. Nikamwambia nimenunua bora zaidi. Akanyamaza kidogo. Nadhani ni furaha.

Ijumaa, 7 Machi

Malori yamefika saa mbili kamili. Mawe yakamwagwa njia nzima, kutoka getini hadi mlangoni. Yanang'aa! Nimepiga picha saba.

Fundi Subiri akaja na mashine yake ya kushindilia kwenye mkokoteni. Akasimama getini. Hakusema subiri. Jambo hilo lilinitia wasiwasi kidogo. Akaokota jiwe moja, akaliweka juu ya rundo, akalisukuma kwa kidole. Likabingirika mpaka chini, likachukua wenzake kumi. Akaokota jingine. Vilevile. Ndipo akasema hizi ni gololi. Mashine ikipanda hapa itacheza tu, mawe yatakimbia kushoto na kulia, na zege juu yake litakuwa limelala kitandani kwa mtu mwenye homa.

Nikamwambia kwa upole kwamba kila kazi ina mapya yake. Akasema jina lake limo kwenye njia zote za mtaa huu na halitakwenda kuharibika kwangu. Nikamuuliza, kwa upole uleule, muuza kokoto anampa nini kila akipeleka mteja. Hapo ndipo alipopandisha hasira. Akageuza mkokoteni, mashine na yeye mwenyewe, akasema nimpigie nikipata akili.

Sawa! Mimi sibabaishwi na mtu mwenye mkokoteni.

Bwana Futi akaja akitembea taratibu, mikono nyuma. Akatoa utepe wake. Akapima urefu wa rundo, upana, kimo. Akarudisha utepe mfukoni, akauliza habari za Mama, akaenda zake. Hakuna tusi linalouma kama hilo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeamka na jibu. Mashine ya kushindilia ni kitu gani? Ni uzito unaopiga chini tena na tena. Uzito unaopiga chini tena na tena ninao, tena bure: kwaya!

Mimi ni sauti ya nne kwenye kwaya yetu, na Jumamosi ni siku ya mazoezi. Tuko watu ishirini na sita, na wembamba hatuzidi watano. Nikampigia mwalimu wa kwaya, nikamwambia mazoezi yahamie kwangu, kuna hewa safi, na chai ya maziwa na mkate. Nikamshauri tufanye ule wimbo wa kupiga miguu. Alifurahi sana. Alisema siku hizi nimeanza kujitoa.

Saa tisa wakafika. Nikawapanga kitaalamu: sauti ya kwanza getini, ya pili na ya tatu katikati, sisi wanaume mlangoni, uzito ukigawanyika sawasawa. Nikawaeleza kwamba anayepiga mguu kwa nguvu ndiye anayeimba kwa moyo.

Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Mawe yalilia chini yetu kwa mdundo mmoja, nikajisikia mtu mkubwa. Ubeti wa pili nikaona sauti ya pili wanasogea kuelekea uani bila kunyanyua miguu. Wanaimba, wanatabasamu, wanakwenda! Katika kiitikio mwalimu akarusha mikono juu na mawe yakamfungukia, akazama mpaka kwenye vifundo. Akaendelea kuongoza akiwa mfupi. Kisha jamaa mnene wa sauti ya nne, niliyemweka mlangoni kwa makusudi, akapiga mguu wa mwisho kwa moyo wake wote, akaondoka kinyumenyume, akamkumba wa nyuma yake, na safu nzima ya wanaume ikalala. Patashika! Kiatu cha mama mmoja hakijaonekana mpaka sasa.

Juu ya ukuta kulikuwa na kichwa cha Bwana Futi na cha mkewe. Hawakucheka. Walikuwa wameuma midomo.

Matokeo: msingi haujashuka hata kidogo, ila umeongezeka upana. Mawe yamefika kwenye maua. Naliita fanikio la kiasi.

Jumapili, 9 Machi

Ibadani kwaya imeingia ikichechemea. Watatu wa sauti ya pili wameimba wamekaa. Mwalimu ameniambia, hali akitabasamu kwa meno tu, kwamba kuanzia leo mchango wangu utakuwa kubeba spika. Nikasema nitafurahi. Ni cheo cha ufundi.

Mke wangu amepiga simu. Ameuliza zege linaendeleaje, maana fundi alisema lingemwagwa jana. Nikasema jana palikuwa na watu ishirini na sita kazini. Si uongo. Akanipa Mama niongee naye. Sauti yake imerudi, ile ya mtu anayejua atakachosema. Ameniita mwanangu. Amesema amechoka na dari la hospitali, anahesabu siku, na jambo analolitaka kuliko yote ni kuingia nyumba ya binti yake akiwa amekaa wima, asionewe huruma na mtu. Nikasema Mama, kila kitu kiko tayari.

Nilipokata simu nikaenda kuokota mawe kwenye maua.

Jumatatu, 10 Machi

Mchanga! Kwa nini sikufikiri mapema? Mawe yanabingirika kwa sababu yana nafasi katikati. Nafasi zijazwe, mwisho wa habari. Nikaleta mchanga, nikaumwaga wote juu ya mawe, nikausambaza kwa reki peke yangu. Saa sita njia ilikuwa kama meza. Nikatembea juu yake mara mbili. Ilitulia! Nikampigia Fundi Subiri aje amwage zege. Hakupokea. Nikampigia mara nne. Mara ya tano akapokea mkewe, akasema mumewe amemwambia aulize kama akili imepatikana. Nikakata.

Saa nane ikaja mvua. Si mvua ya mchezo. Nikasimama dirishani nikiutazama mchanga wangu ukitoka getini kwa mwendo wa kistaarabu, ukikata kulia, ukiingia kwa Bwana Futi. Alitoka na koti la mvua na fagio. Akaniangalia. Nikampungia mkono.

Ilipokatika nikatoka. Mawe yamebaki yenyewe, yameoshwa tena, yanang'aa kama siku ya kwanza. Nikatembea mpaka pale katikati. Siku ile nilikuwa mlangoni, kikombe cha chai mkononi, Mama akija na mfuko wa nguo alizotukunjia. Nilimwona mguu ukimteleza. Nilisikia. Hakulia, alisema tu jina la binti yake. Mbao zilikuwa pale pale kando ya ukuta, na zipo mpaka leo.

Naandika haya kwa sababu hakuna anayesoma. Maji yamenifika shingoni. Lakini zimebaki siku mbili kamili, na mtu wa ugavi hakosi la kufanya.

Jumatano, 12 Machi

Nilikosa.

Teksi imefika saa nne. Nilikuwa nimetandika mazulia matatu ya sebuleni juu ya mawe, moja baada ya jingine, kwa heshima. Mke wangu akashuka, akatazama, akanitazama mimi kutoka utosini mpaka unyayoni.  Dereva akasaidia kukishusha kiti, Mama akakaa, amevaa vizuri, kilemba kipya, mkoba mapajani. Mke wangu akasukuma. Zulia la kwanza, magurudumu ya mbele yakazama. Akavuta nyuma, akasukuma tena. Yakazama na zulia lake. Kiti kikainama mbele na Mama akashika mikono ya kiti kwa nguvu, vidole vikamtoka mishipa. Nikakimbia nikasema nitambeba, ni hatua chache tu.

Mama akasema hapana. Mara moja tu.

Kisha akaomba apewe jiwe moja. Nikampa zuri kuliko yote. Akaligeuza kiganjani, akalisugua kwa kidole gumba, akauliza nimenunua kwa nani. Nikaeleza habari za mwavuli. Akauliza kama muuzaji alikuwa na ya kupondwa. Nikasema Mama, hayo ya kupondwa nusu yake ni vumbi.

Mke wangu akalipuka. Akasema kwani nimesahau Mama alifanya kazi gani? Miaka kumi na minne alikaa machimboni na nyundo, akiponda kokoto ndoo kwa ndoo, na kila ada ya shule aliyolipiwa yeye ilitoka kwenye mikono ile! Akasema Mama angeniambia kwa simu, kwa dakika moja, kama ningeuliza. Akalia palepale getini, mbele ya dereva. Akasema mimi siulizi. Siulizi kamwe, na mama yake amevunjika nyonga kwa sababu siulizi.

Nilijua. Kwenye harusi yetu ilisemwa, watu wakapiga makofi, na mimi nilipiga. Sikudhani ni utaalamu.

Mama hakunifokea, na ndilo lililoniua. Akaniambia mwanangu, jiwe la mto limekwisha pembe zote, halina pa kumshika mwenzake. La kupondwa lina pembe, pembe zinaumana, vumbi linaingia katikati na kukaza. Watu wote pale machimboni walijua, hata wapika chai. Akanirudishia jiwe langu.

Akiwa amekaa hapo, tukijiuliza aende wapi, geti la jirani likafunguliwa. Bwana Futi na mkewe! Wakamwamkia shikamoo Mama, wakasema chumba cha mbele kiko wazi, na njia yao haina hata mkwaruzo. Mke wangu akageuza kiti. Kikapita juu ya zege la Bwana Futi bila kutoa sauti hata kidogo, mpaka ndani. Mama akiwa amekaa wima.

Nimebaki na mazulia matatu machafu na teksi ya kulipa.

Alhamisi, 13 Machi

Mama alimpigia Fundi Subiri kwa simu yangu. Alifika kwa robo saa! Kwake yeye hakuna subiri kwanza. Ni ndiyo Mama, sawa Mama. Mama amekaa getini kwa Bwana Futi chini ya mwavuli, anaelekeza kama askari wa barabarani. Kokoto zilipofika alikataa lori la kwanza. Akachota konzi, akalinusa, akasema limechanganywa na udongo. Muuzaji akaapa kwa kila kitu. Mama akamfungulia kiganja, udongo huo hapo. Lori likarudi likaja jingine.

Mimi nimepewa toroli. Mawe yangu yote nimeyatoa kwa mikono yangu, kuanzia saa moja asubuhi, na kuyarundika nyuma ya nyumba. Mgongo si wangu tena. Bwana Futi alipima kina cha msingi mara tatu, akamsomea Mama vipimo, na Mama akamwita mwanangu.

Mwanangu! Yeye!

Mashine ikapita mara ya kwanza, kokoto zikashuka, zikakaza. Mara ya tatu nikasimama juu yake na kupiga mguu. Nikaumia kisigino. Sawa, ni ngumu. Sikatai.

Jumamosi, 15 Machi

Zege limemwagwa jana. Zamu yangu ni kulimwagilia maji asubuhi na jioni lisikauke haraka. Fundi amesema siku nne zinatosha kwa kiti. Mama amesema nane. Fundi akasema nane.

Mke wangu analala huko kwa mama yake. Anakuja kuchukua nguo na kunisalimia. Jana alinisalimia kwa jina langu kamili.

Jumamosi, 22 Machi

Amekuja!

Mke wangu alitaka kusukuma, Mama akamwambia amwachie. Akayashika magurudumu mwenyewe. Akaingia getini polepole, mtaa mzima umesimama, nusu ya kwaya ikiwepo, pamoja na wanaochechemea. Alipofika katikati akasimama. Nilijua ni pale. Akatazama chini, kisha akanitazama mimi mlangoni. Nikashuka. Nikapiga magoti pale kwenye zege, nikamwambia Mama, mbao zilikuwepo na sikuziweka, nisamehe. Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Akaniwekea mkono kichwani, akasema amesikia, niinuke, namzibia njia.

Akaendelea mpaka ndani. Hakuna aliyemgusa. Mke wangu alilia, mimi nililia, Bwana Futi aliangalia pembeni. Usiku huu tumekula mezani watu wote wa nyumba, na mke wangu ameniita mume wangu kama zamani. Raha gani hii! Nimeapa mbele yao kwamba nimebadilika.

Na ukitazama vizuri, mradi umefanikiwa. Wazo la njia ya zege alikuwa nalo nani? Msimamizi alikuwa nani? Tumeenda wiki moja na kidogo nje ya ratiba, jambo la kawaida katika ugavi.

Sasa mke wangu anataka tenki la maji lisimamishwe nyuma ya jikoni, ili Mama asikose maji. Mama ameshatoa orodha yake: kokoto zipi, mchanga upi, saruji ipi. Kila asubuhi anajisukuma mpaka getini na hakuna mzigo unaoingia bila yeye kuushika. Yote bei juu! Lakini leo, wakati watu wanapiga picha, nimeongea pembeni na jamaa mmoja mwenye tanuru. Ana matofali yaliyovunjika, yaliyoiva nusu, mekundu ya kupendeza, karibu bure. Nilibinya moja likamomonyoka kidogo, lakini ni kwa nje tu. Tenki litakaa juu yake kama kwenye mto wa kulalia.

Nimemwambia alete Jumatano, saa tatu asubuhi. Siku hiyo Mama ana kliniki, na kwa njia hii nzuri tuliyomjengea, saa mbili na nusu atakuwa ameshatoka getini mwenyewe, bila kuchelewa.